Kisanduku cha Unatoka Wapi

Mama mdogo aliyenilea alikuwa karani wa bustani ya miche ya parachichi, nje kidogo ya mji wa Iringa. Kazi yake ilikuwa simu. Wakulima walipiga kutoka Mufindi, Kilolo na Njombe kuagiza miche, naye akaandika. Aliandika kwa mkono miaka yote niliyokuwa mtoto kwake, hadi mwenye bustani, mama mmoja mfanyabiashara wa mjini ambaye wote tunamwita Hajati, alipoleta kompyuta na kusema kuanzia sasa oda zote zitaingia humo.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Mbeya, Uyole, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Kutengeneza kanzidata nilijifunza mwenyewe pale dukani, saa ambazo hakuna mteja, kwa kutazama video na kukosea. Sijakaa darasani kwa ajili ya jambo hilo, na labda ndiyo maana nina hofu nyingi. Kila nikimaliza fomu nahisi yupo mtu aliyesoma atakayeifungua na kucheka. Naweza kukaa asubuhi nzima nasogeza kisanduku kimoja kwa vitufe vya mishale, kidogo kidogo, ili ukingo wake ulingane na wa kisanduku cha juu yake. Mtu mwingine haoni tofauti. Mimi hainitoki kichwani.

"Hajati kaleta televisheni ya kuandikia," mama mdogo aliniambia kwenye simu. "Njoo unitengenezee wewe. Akinitengenezea mgeni nitaonekana mjinga."

Nilikwenda. Fomu ya kwanza niliitengeneza nimekaa kwenye stuli kando ya meza yake, naye anaendelea kupokea simu. Sikuwa na mpango wowote. Kila alichouliza nilikiwekea kisanduku, kwa mfuatano ule ule aliouliza.

"Kamwene," mtu alisalimia kwenye simu.

"Kamwene, baba. Unatoka wapi?"

"Nyololo, mama."

"Nyololo ya barabarani au ya bondeni?"

"Ya bondeni."

"Basi kwenu sakitu inashuka. Usichukue miche midogo, itaungua halafu uje kunililia hapa."

Mtu yule akacheka, akasema ndiyo, mwaka jana sakitu, yaani ile barafu nyembamba ya alfajiri, ilimmalizia viazi vyote. Wakaongea kuhusu viazi. Wakaja kwenye aina ya miche, idadi, siku ya kuja kuchukua, namba ya simu. Jina aliliuliza mwisho kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga na kukumbuka jambo dogo mlangoni.

"Mbona jina mwisho?" nilimuuliza.

"Ukianza na jina mtu anadhani anatafutwa na polisi. Akishakwambia kwao, jina anakupa mwenyewe."

Kwa hiyo kisanduku cha kwanza kikawa "Unatoka wapi," na cha mwisho "Jina." Vyote nilivirundika kwenye kona ya juu kushoto ya skrini, kimoja chini ya kingine, vimebanana. Nilimfundisha kubonyeza kitufe cha Tab kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile kinachokurusha kutoka kisanduku kimoja hadi kinachofuata, ili asihangaike na kipanya. Ilikuwa fomu mbaya. Nilirudi Mbeya nikiionea aibu, nikajiahidi kwamba nikipata nafasi nitaifanya upya, ya kueleweka.

Nafasi ilikuja kwa njia ambayo nisingeichagua. Mama mdogo alikuwa ameanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango. Akaenda kupima, akaambiwa ni presha ya macho, na kwamba ilishakula sana. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, kama ingeweza. Kilichopotea hakirudi.

Hajati hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mama mdogo mbele yangu, nilipokwenda kumwona, kwa upole, "Dada, oda zikiingia sawasawa, kiti ni chako. Zikianza kuingia vibaya tutazungumza." Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na mume, na mimi, mtoto aliyemlea, nilikuwa mbali. Kiti kile, na zile simu, ndiyo ilikuwa siku yake nzima. Tulipobaki wawili alinishika mkono akaniuliza kama kompyuta inaweza kumsaidia. Nikamjibu kwamba inaweza, haraka mno, kabla sijafikiri.

Uyole nilifanya kazi ile kama mtu anayesali. Nilikuza herufi hadi zikawa kama za bango la dukani. Visanduku nikavipanua, nikavipanga safu mbili, kulia na kushoto, vikajaza skrini yote. Rangi ya nyuma nyeusi, maandishi ya njano, maana nilisoma mahali kwamba hayo huonekana vizuri. Na kwa kuwa sasa nilikuwa najua zaidi, nilipanga taarifa kama fomu zote nilizoziona kwenye video: jina juu, kisha simu, kisha mahali, kisha oda. Nilihesabu nafasi kati ya visanduku. Nililinganisha kila ukingo. Wateja walisubiri kopi zao mimi nabadili njano moja kwa njano nyingine. Nilipomaliza niliiangalia na kwa mara ya kwanza sikuogopa mtu aliyesoma. Niliona nimetengeneza kitu kizuri, na kwamba kitu kizuri kitamwokoa.

Basi likapita Igawa, likapita Nyololo, nami nimeshika kile kifaa kidogo cha kuhifadhia kazi ndani ya mfuko wa koti muda wote, kana kwamba kingeruka.

Nilimfungulia. Alikaa, akaweka vidole kwenye kibodi, akatazama mbele.

"Ni nzuri," alisema. "Umeipanga vizuri, mwanangu."

Simu ikaita. Mtu wa Kilolo. "Kamwene, unatoka wapi?" akauliza, na vidole vyake vikaandika Kilolo pale palipotakiwa jina. Akabonyeza. Akauliza shamba limekaaje, akaandika mteremko pale palipotakiwa namba ya simu. Kompyuta ikakataa kwa mlio, maana nilikuwa nimeiamuru isipokee herufi pale. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Akaanza kugeuza kichwa kushoto, kulia, juu, polepole, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Na yule mtu wa Kilolo anaendelea kuongea.

"Jina liko wapi?" alininong'oneza.

Lilikuwa mbele yake, kubwa kama kiganja.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Baada ya simu nilimuuliza anaona nini. Akatengeneza duara dogo kwa kidole gumba na cha shahada, akaliweka jichoni. "Hivi. Ndani ya hapa naona vizuri kabisa, hata sisimizi. Nje ya hapa hakuna kitu." Herufi zangu kubwa zilikuwa hazienei kwenye duara lake. Alikuwa anaona kipande cha herufi J. Ile fomu mbaya, yenye visanduku vidogo vilivyobanana kwenye kona, ilikuwa inaenea yote. Na pale asipoona, vidole vilikuwa vinaijua, kwa sababu ilifuata maongezi yake.

"Lakini ni nzuri," alirudia. "Wengine wataifurahia."

Nilitoka nje, nikasimama kati ya miche, nikajifanya napokea simu.

Siku ile ile nilirudisha ile ya zamani. Sikugusa kitu isipokuwa kimoja: nilikiwekea kisanduku cha mwisho, cha jina, mlio mfupi, ili ajue oda imekamilika. Alipousikia mara ya kwanza alisema, "Kimekuwa kama kifaranga." Tangu hapo akawa anawaambia wakulima, "Subiri kifaranga changu kilie, ndiyo nikuage." Wakazoea. Wengine walipiga wakauliza kwanza hali ya kifaranga.

Alifanya kazi hivyo masika yote na kiangazi chote. Ningependa kuishia hapo.

Duara likaendelea kupungua. Ilifika mahali anajaza kwa vidole tu, na vidole haviwezi kusoma kilichoandikwa. Tab moja iliyozidi, na oda ya mtu wa Mafinga ikaenda na tarehe ya mwingine. Mzee mmoja alikuja na lori la kukodi kuchukua miche ambayo haikuwa imeandaliwa. Mama mdogo mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Hajati. Sikuwepo. Aliniambia baadaye, kwa simu: "Nimemwambia tuzungumze."

Hajati aliajiri binti mmoja, mchangamfu, mwenye adabu, akaniita nikabadilishe fomu imfae. Nilikwenda. Mama mdogo akataka kuwepo. Alikaa kwenye stuli ile niliyokalia mimi siku ya kwanza.

"Dada, jina liwe juu," binti alisema. "Halafu namba. Nikishapata namba hata simu ikikatika nampigia."

Alikuwa sahihi. Nikasogeza jina juu. Nikasogeza namba.

"Na hiki cha unatoka wapi? Na hiki cha shamba?" aliuliza. "Si vinachelewesha?"

Mkono wangu ukasimama kwenye kipanya. Nilimtazama mama mdogo, ambaye alikuwa ameelekeza uso dirishani, upande ambao hapakuwa na mtu.

"Viweke chini," alisema. "Visiwe vya lazima. Akipata nafasi atauliza."

"Nitauliza, mama," yule binti alisema, na nadhani alimaanisha.

Nikaviweka chini. Kingo hazikulingana, nikaziacha. Nilipofika kwenye ule mlio niliuliza kama niutoe. Binti akasema ndiyo, ungemshtua. Nikautoa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mkono wake wa kushoto begani kwangu. Njiani tulikutana na mama aliyebeba mafungu ya mboga, akatusalimia.

"Kamwene," mama mdogo alijibu, akasimama. "Unatoka wapi?"

"Kule juu, karibu na msitu."

Nilihisi kidole kidogo kikinibonyeza begani. Mara moja, taratibu.

"Shamba lenu limekaaje, la mteremko?"

"La mteremko, lakini chini kuna maji."

Kikabonyeza tena. Alimuuliza amepanda nini, kiasi gani, mvua atazisubiri hadi lini, na kwa kila jibu kidole kile kilishuka begani kwangu na kuinuka. Sidhani kama alijua. Mwishoni akamuuliza jina. Yule mama akalitaja, akacheka, akaenda zake na mboga zake.

Kidole kikabonyeza kwa mara ya mwisho na mama mdogo akabaki amesimama, kichwa kimeinama kidogo, anasikiliza. Nilijua anachosubiri. Nilitaka kuutoa ule mlio kwa mdomo wangu, ni mlio mdogo tu, mtoto angeweza. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Haya, twende," alisema.