Nyota za Mama Kwenye Kivinjari

Mara ya kwanza nilipoitetea tasnifu yangu ya uzamivu, jopo lilikuwa mtandaoni na mimi nilikuwa mezani kwetu, mtaa wa Umoja, mbele ya kompyuta ambayo mama na mimi huitumia kwa zamu. Nilikuwa nimeuficha upau wa alamisho, ule mstari wa juu ambako kivinjari hupanga kurasa zilizohifadhiwa. Nilichosahau ni kwamba ukifungua kichupo kipya, yaani ukurasa mtupu wa kuanzia, mstari huo hujitokeza hata kama umefichwa. Nikafungua kichupo kipya ili niwaonyeshe jedwali. Maprofesa wakasoma, pamoja nami: Maombi ya Asubuhi kwa Wajane, Kufuga Sungura kwa Wanaoanza, Tanzia za Leo, Je, Mtoto Wako Anasoma Kupita Kiasi?

"Naona mtahiniwa amepitia marejeleo mapana," mmoja wao akasema.

Walicheka bila ubaya. Nimekipima kicheko kile mara nyingi tangu siku hiyo na bado naamini hakikuwa na ubaya. Lakini nilipoulizwa kuhusu sura ya tatu nilijibu kuhusu sura ya nne, na mwishowe nikaagizwa nikarekebishe kazi kisha nirudi. Haki inanitaka niseme kwamba sura ya tatu ingekuwa dhaifu hata kama mama hangewahi kuwaza sungura. Hata hivyo, kabla ya kikao cha pili nilijiwekea sharti moja: upau ule uwe mtupu.

Alamisho karibu zote zilikuwa za mama. Aliwahi kuwa karani wa masjala serikalini, na huko faili haikuondoka mezani kwake kabla hajatia alama ndogo pembeni, ishara kwamba imesomwa. Alipostaafu, dada yangu alimfundisha kutumia mtandao, naye akaiona ile nyota ndogo iliyo kando ya anwani ya ukurasa. Akaanza kuibofya. Nilidhani anahifadhi kurasa kama watu wengine wote.

Nilianza kwa njia ya heshima. Nilimweleza kwamba naweza kumfungulia sehemu yake mwenyewe ndani ya kivinjari, yenye jina lake na picha yake, ili kila mmoja awe na mambo yake.

"Unanihamisha?" mama akauliza. "Nyumba ni yangu, kompyuta ni ya marehemu baba yako, halafu wewe ndiye unayenihamisha?"

Dada alikuwa amepitia nyumbani kula chakula cha mchana kabla ya kurudi dukani anakouza. Hakuinua kichwa kutoka kwenye githeri yake. "Daktari ameanza kufukuza wapangaji," akasema. "Na hata hiyo digrii hajapewa."

Basi nikaamua kujaribu kwa kufuta alamisho moja tu, ile ambayo kuondoka kwake kungeumiza kidogo kuliko zote. Maombi sikuthubutu kuyagusa. Tanzia zilikuwa na majina ya watu wa kwetu Kitui. Kuifuta ile makala ya mtoto anayesoma kupita kiasi kungekuwa sawa na kukiri. Wakabaki sungura. Nikaibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua "Futa", na sungura wakatoweka bila kelele.

Jumapili, baada ya kanisa, mama alikaa kwenye kompyuta bila hata kuvua kitambaa cha kichwa. Akaandika neno "sungura" kwa kidole kimoja, akautafuta ukurasa ule upya kana kwamba hajawahi kuufikia. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba hakuwa amewahi kutumia alamisho hata moja kurudi popote. Ukurasa ulipofunguka, alitazama kando ya anwani.

"Nani amezima nyota yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa nini? Huyu mtu amekukosea nini?"

"Mtu gani?"

"Huyu aliyeandika. Nilimpa nyota, iliwaka kabisa, rangi ya buluu. Sasa ataona nimemnyang'anya."

Ikanibidi nivute kiti. Kwa mama, nyota ile ilikuwa alama ya pembeni mwa faili: nimesoma, asante. Aliibofya ili mwandishi ajue kwamba maneno yake yamefika kwa mtu, kisha alirudi mara kwa mara kuhakikisha bado inawaka. Nilimweleza kwamba nyota hukaa upande wetu tu, kwamba kazi yake ni kutukumbusha sisi mahali ukurasa ulipo.

"Na wao?"

Nilijaribu kumpunguzia. "Kwa maana fulani, tovuti nyingi huhesabu wanaoingia, kwa hivyo mtu anaweza kusema kwamba—"

"Usinisomeshe. Wanaiona ama hawaioni?"

"Hawaioni."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa, akaivaa tena. "Fungua ile ya muuguzi," akasema.

Niliikuta mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya nyingine zote. Muuguzi mmoja alikuwa ameeleza jinsi ya kumgeuza kitandani mtu aliyepatwa na kiharusi bila kumwumiza: shuka linavyokunjwa, mto unavyowekwa katikati ya magoti, mahali pa kushika na mahali pa kuacha. Niliyajua yote, kwa sababu ndivyo mama alivyotuelekeza, dada na mimi, muda wote baba alipokuwa amelala pale sebuleni. Nilikuwa nikidhani amefunzwa hospitalini.

"Baba yako hakupata kidonda mgongoni hata kimoja," mama akasema. "Na huyu mtoto wa watu hajui."

Nikausogeza ukurasa hadi mwisho, na huko kulikuwa na nafasi ya maoni. Nikamwuliza kama angependa tumwandikie. Akaketi wima, nadhani jinsi alivyokuwa akiketi alipoandika barua za ofisi.

"Andika. Nimesoma maelezo yako. Mume wangu alilala muda mrefu na mgongo wake ulibaki mzima mpaka siku ya mwisho. Asante." Akanisogelea begani. "Umeongeza nini hapo?"

"Mkato tu, mama."

"Mkato sawa. Usiongeze kingine."

Akatuma mwenyewe. Kisha akaniomba nimwonyeshe namna ya kufuta, na nyota ya muuguzi akaifuta kwa mkono wake. Zilizobaki alizipitia moja moja na kuzitolea hukumu. Huyu anaandika vibaya, nilikuwa nampa moyo. Huyu alikosea jina la kijiji chetu, sijui nilimpendea nini. Alipofika kwenye ile ya mtoto anayesoma kupita kiasi, alinitazama. "Huyu alisema kweli," akasema, "lakini hakunisaidia." Akafuta.

Mwishoni ulibaki ukurasa wa chuo wenye muhtasari wa kazi yangu ya shahada ya uzamili. Sikujua kama aliwahi kuufungua.

"Na hii?" nikauliza.

"Huyu si yuko hapa?" Akakigeuza kiti chake, akazungumza kwa sauti ileile aliyoitumia kunitajia maneno ya kumwandikia muuguzi. "Nimesoma. Muhtasari niliuelewa, hayo mengine niliyapitia tu. Asante."

Nilitaka kusema kitu kilichopangika. Nikasema, "Karibu, mama," kana kwamba amebisha hodi. Akatabasamu, akafuta.

Alinirudisha kwenye sungura tu. "Hao niwekee tena. Nimeshaulizia mbao za vizimba." Nikamwonyesha kwamba akibofya pale juu mara moja, ukurasa unafunguka bila kuutafuta.

"Kumbe ndiyo kazi yake!" akasema, akacheka mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Jibu la muuguzi halijaja. Mama huuliza, ila si kila siku. Katika kikao cha pili nilihitaji tena kufungua kichupo kipya, na pale juu, peke yake kwenye mstari mtupu, ikatokea: Kufuga Sungura kwa Wanaoanza.

"Bado sungura?" akauliza yule profesa.

"Ni wa mama," nikasema. "Anaanza karibuni." Nikaendelea na sura ya tatu.