Mguu Wangu Mezani kwa SVK

Naisema mwenyewe kabla Ujiji nzima haijamaliza kuisema. Shule niliishia darasa la pili, lakini SVK naijua: Shirikisho la Vibarua Kigoma. Nilipoona herufi hizo kwenye mlango wa ukumbi, niliingia nikichechemea. Gunia la mahindi ya wakimbizi lilikuwa limeniponda mguu bandarini baada ya nyapara Rajabu, namtaja kwa jina, kunisukuma, naye akanifukuza siku ile ile. Nilitaka kazi yangu.

Nikavua kiatu, nikapandisha mguu mezani kwa karani.

"Pole, kaka. Nani kakuumiza?"

"Rajabu. Alinisukuma kwa nyuma."

"Mwamuzi hakuona?"

"Mwamuzi ni yeye mwenyewe."

Karani akasikitika, akaandika yote. Nikajua leo nimepata watu. Kisha akauliza, "Wewe ni wa timu gani?"

Kabla sijajibu, Rajabu akainuka kutoka benchi la nyuma, kumbe ndiye kiongozi wa timu ya bandari.

"Vaa kiatu, ndugu yangu. Hili ni Shirikisho la Vilabu, watu wa mpira. La vibarua ni nyumba ya pili, na huko nako mwenyekiti ni mimi."