Shubiri ya Kaburini

Walitaka kumchoma mama mkwe wangu kwa sababu ya kiungulia changu. Nasema hivyo bila kuzungusha maneno, maana nimechoka kuwasikia watu wa huku kwetu wakiiita "ile siku ya fujo". Fujo gani? Fujo ni ya walevi sokoni. Hawa walikuja na mapanga, na petroli kwenye chupa ya soda, na mmoja alikuwa amebeba mzigo wa nyasi kavu kwapani utadhani anakwenda kulisha ng'ombe.

Nianze na tumbo langu, ndilo lililoanza.

Nina kibanda cha chakula Keroka, pale malori yanapoegesha. Napika matumbo, chapati, maharagwe, na chai nzito ambayo madereva wanaipenda. Mpishi hali chakula akiwa ameketi. Anaonja hiki, anadokoa kile, halafu akifunga kibanda anashindilia yaliyobaki na kwenda kulala. Kiungulia kilinianza kwa mzaha, nikakidharau. Kufumba na kufumbua kikawa kinanikaba. Nikiinama kuwasha jiko, moto unapanda kutoka tumboni hadi kooni, mdomo unajaa maji machungu, kifua kinauma hadi mgongoni. Mimi nilizaliwa mkali, hilo hata mama yangu hakulificha, lakini kile kiungulia kilinizidisha. Siku moja nilimrushia dereva mwiko kwa sababu alisema chapati zangu ni ngumu. Ulimpata sikioni. Zilikuwa ngumu kweli, ila haikuwa siku ya kuniambia.

Muuguzi wa zahanati alinipa vidonge, akaniambia nipunguze chai, pilipili na mafuta, na nisilale nikiwa nimeshiba. Nikamwuliza, sasa nibaki na nini, hewa? Vidonge vilisaidia. Vilipokwisha, moto ukarudi.

Mama mkwe wangu na mimi tunaishi boma moja, upande wa Nyamira, yeye na nyumba yake, mimi na yangu. Mume wangu ni mtu wa lori, nyumbani anapita tu. Hatukuwa tukipatana, mimi na huyo mama. Kwake ugali wangu ulikuwa tope, na watoto wangu walikuwa wamekonda kwa sababu mama yao anawapikia watu wa barabarani. Na mimi sikuwa nikinyamaza. Basi asubuhi moja alinisikia nikicheua na kulaani, akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe msichana," akasema, na mimi nina mvi, "utawaamsha waliolala chini. Ngoja."

Akaenda nyuma ya migomba, akarudi na jani la shubiri.

Huku kwetu tunaiita omogaka. Tunaipanda kaburini, upande wa kichwa, kwa sababu haifi hata jua liwake vipi. Kaburi likisawazishwa na mvua, shubiri inabaki kuonyesha mtu alipolala. Ile ya nyuma ya migomba iko kwenye kaburi la baba mkwe wangu. Mama mkwe aliipanda kwa mikono yake siku ya mazishi, na imezaa hadi imefunika udongo wote. Watu hawagusi shubiri ya kaburini. Yeye aligusa. Nilipomwuliza kama haogopi, akasonya.

"Alinitesa akiwa hai," akasema. "Sasa na yeye anisaidie kidogo."

Alikuwa na utaratibu wake. Aliikata kabla jua halijatoka, akidai hapo ndipo jani limejaa maji. Akalisimamisha kwenye bakuli ili ule utomvu wa manjano uchuruzike. "Huu ni wa kukuendesha choo, si wa kunywa," aliniambia, akaumwaga. Halafu akamenya, akaosha ule ute mweupe mara kadhaa, akauponda kwenye maji na asali kidogo. Nikapewa kikombe kabla ya kula. Lo! Hata na asali, ulikuwa na ladha ya adhabu. Nilikunja uso, naye akacheka, na nikagundua kwamba sijawahi kumfanya mama huyu acheke tangu niolewe.

Sisemi ni muujiza. Chai pia nilipunguza, japo kwa kunung'unika. Lakini moto ulipungua, nikaweza kuinama na kulala chali. Kila asubuhi akawa anakata, ananiletea, anakaa kwenye kigoda changu na kunitukana mapishi, na mimi namjibu. Nilianza kuzipenda asubuhi hizo. Nilimpenda, basi, nimesema.

Halafu kijana wa jirani akafa.

Jirani huyo ni mdogo wa baba mkwe wangu, kwa hiyo kwangu ni baba mdogo. Kati ya boma lake na letu kuna ua tu, ua ambao tangu kaka yake azikwe umekuwa ukisogea kuja kwetu kila msimu wa kulima. Kijana wake alikuwa na bodaboda. Lori lilimgonga kwenye kona, mchana kweupe. Nilipika kwenye matanga hayo. Nilimwona baba mdogo akikwaruza udongo kwa kucha, na nililia naye, sitasema uongo.

Lakini huku kwetu kijana hafi kwa lori. Lori ni njia tu, lazima awepo aliyelituma. Mazishi hayajaisha, watu wameshaanza kuwatazama vikongwe. Na ni kikongwe gani alionekana alfajiri, ameinama juu ya kaburi, kisu mkononi? Mtu mmoja alichungulia kwenye ua akaona. Mmoja akiona, kijiji kizima kimeona.

Nilikuwa jikoni, nataka kuteremka Keroka, nikasikia filimbi. Kisha sauti ya mwanamume, "Omorogi!", yaani mchawi, kisha sauti nyingi. Neno hilo likipigwa ukelele huku kwetu hakuna cha kuuliza. Unakimbia, ama kuelekea huko ama kwingine. Nilikimbia nyuma ya migomba.

Alikuwa chini, kando ya kaburi, jani bado liko mkononi. Damu ilikuwa inatoka utosini na kushuka ikifuata mikunjo ya uso. Vijana wawili walikuwa wanamburura kwa leso yake, na leso ilikuwa inamkaba shingo. Nawajua wote, nimewalisha chapati zangu. Mmoja alimpiga teke la mbavu, nikasikia mlio ambao mpaka leo nikivunja kuni naukumbuka. Mwingine alimpiga ubapa wa panga kwenye mkono ulioshika jani. Mfupa ulivunjika, nikauona umekaa pale usipopaswa kukaa. Hakulia. Alimtazama yule kijana akamwambia, "Mjinga wewe! Kitovu chako nilikikata mimi."

Akapigwa tena.

Nilikuwa na sufuria ya chai, sikumbuki kuibeba. Chai ilikuwa imechemka sasa hivi. Niliwamwagia miguuni, wakaruka wakipiga mayowe, na sijuti hata chembe. Nikapigwa rungu la mgongo, nikaanguka juu ya mama mkwe, nikabaki hapo hapo juu yake, maana sikuona mahali pengine pa kuwa.

"Toka hapo, mke wa mwanetu," akasema baba mdogo. Macho yalikuwa mekundu. "Jambo hili halikuhusu. Huyu amemla mtoto wangu."

"Amemla? Hana hata meno ya kula mahindi!"

"Alikuwa anatafuta nini kaburini?"

"Dawa! Dawa yangu ya kiungulia!"

Wakacheka. Wallahi walicheka, mapanga mkononi. "Kiungulia!" wakawa wanaambiana, "eti kiungulia!"

Hasira ikanipanda hadi nikaona giza. Nilinyakua lile jani kutoka kwenye vidole vyake vilivyovunjika, nikaliuma na miiba yake na utomvu wake wa manjano, nikatafuna mbele yao huku machozi yananitoka kwa uchungu. "Haya, nitazameni! Kama ni uchawi, nife sasa hivi!" Nikatafuna, nikameza, nikauma tena.

Wakarudi nyuma hatua moja. Nilidhani nimewashinda. Halafu sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, sauti ya taratibu kabisa.

"Hafi kwa sababu ameshafundishwa."

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa neno hilo. Inasemekana uchawi hauendi kwa binti, binti ataolewa mbali. Mama mkwe humrithisha mke wa mwanawe, na wakati wa kufundishana ni asubuhi na mapema, wawili peke yao. Na sisi kila asubuhi tulikuwa wawili peke yetu. Nikifa, yeye ni mchawi. Nisipokufa, tuko wawili. Chupa ikafunguliwa. Petroli ilikuwa baridi mgongoni mwangu, nikaisikia ikipenya hadi kwenye ngozi na kushuka kwake. Aliyekuwa na nyasi akaziweka chini. Niliwafikiria watoto wangu waliokuwa njiani kwenda shule, na nikamwomba Mungu wasiwe wamesahau kitu wakarudi.

Hapo ndipo mke wa baba mdogo alipopita kwenye ua. Mama wa marehemu. Alikuwa bado na nguo za msiba, hana viatu, mkononi ana jagi la plastiki. Watu wakampisha, nani angemzuia? Walidhani amekuja kuwasha moto mwenyewe. Hata mimi nilidhani hivyo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akamsukumia jagi kifuani.

"Kunywa."

"Mama watoto, rudi nyumbani."

"Kunywa, kama unavyokunywa kila ukitoka kula nyama!" Akawageukia wengine. "Huyu mwanamume analala ameketi kwa kiungulia. Mnajua nani anamtengenezea hii? Huyu mliyemlaza chini. Naifuata kwake mimi mwenyewe, na inatoka kaburi hili hili. Mume wangu hakuwahi kuuliza inatoka wapi, alikuwa anameza tu na kunenepa. Kama ni uchawi, mchomeni yeye kwanza, ndiye aliyeunywa zaidi."

Baba mdogo alifungua mdomo kujibu. Badala ya neno, akacheua. Akashika kifua, uso ukakunjamana, akacheua tena, kwa nguvu, na kila mtu akasikia. Hakuna aliyecheka mara hii.

Mama mdogo akamnyang'anya kijana mmoja kiberiti. "Mwanangu aliuawa na lori," akasema. "Nililiona hilo lori. Lilikuwa na damu yake kwenye bampa. Nendeni mkalichome hilo, kama nyinyi ni wanaume."

Wakaondoka mmoja mmoja, hawatazamani, kama watu waliokumbuka kwamba ng'ombe hawajakamuliwa. Yule wa nyasi alizibeba nyasi zake.

Tulimpeleka mama mkwe hospitali Kisii, mimi nikisimamisha gari kila mara kukimbilia vichakani, maana ule utomvu wa manjano hausamehe. Hata kwenye machela, na mbavu zimevunjika, alinong'ona, "Si nilikwambia si wa kunywa?" Polisi walikuja wakauliza. Kijiji kizima kilikuwa shambani siku hiyo, hakuna aliyeona kitu.

Mkono wake wa kulia haukurudi. Vidole vimekakamaa, havishiki kisu wala kijiko. Sasa analala kwangu, na wakati mwingine anashtuka akisema ananusa petroli, nami nazunguka nyumba nzima nikinusa ili atulie. Shubiri nakata mimi, wakati jua limeshapanda, ili anayetaka kuona aone vizuri. Yeye ananielekeza kutoka kwenye kiti: "Unakata kama unachinja kuku, wewe msichana." Wale vijana wananisalimia Keroka. Wanasema, "Shikamoo, mama." Nawauzia chapati. Sijawasamehe, na sina mpango huo.

Mama mdogo alirudi kwao Marani. Baba mdogo akabaki peke yake, na hakuna wa kumpondea dawa.

Alikuja kwetu alasiri moja, tukiwa tumeketi nje. Alisimama mbali, kofia mkononi, amekonda. Akasalimia. Sikuitika.

"Kifua kinaniwaka," akasema. "Silali."

Kulikuwa na panga karibu na mguu wangu, nami nilikuwa nalitazama. Mama mkwe wangu aliliona ninalolitazama.

"Mpe kisu," akasema.

Niliingia ndani nikatoka na kisu chake, kile kile cha siku ile. Nikamwekea baba mdogo mkononi.

"Kaburi unalijua," nikamwambia. "Kakate."

Alikwenda hadi kwenye kaburi la kaka yake, akasimama. Kutoka pale barabara inaonekana yote, na wanawake walikuwa wanarudi kutoka kuchuma chai, vikapu mgongoni, wakaanza kupunguza mwendo. Akainama kidogo, akasimama wima tena. Akatazama barabara. Akakificha kisu nyuma ya paja.

"Watu wataniona," akasema.

Mama mkwe wangu aliuinua ule mkono uliokakamaa kwa mkono mzima, akauweka vizuri mapajani.

"Watakuona, ndiyo," akasema. "Haya, inama."