Tawi Lililolazwa Juu ya Ruta

Kama umezoea visa vya watu waliokutana na mambo usiku wa manane, wana usingizi au wamelewa, hiki changu kitakusumbua kidogo. Kilinipata mchana kweupe, siku ya Ijumaa, saa saba kasoro dakika chache, jua likiwa utosini, na mimi nikiwa na akili zangu zote. Kilinipata sebuleni kwetu Isevya, hapa Tabora. Angenisimulia mtu mwingine ningemkatiza mara kumi. Na wewe nikatize ukitaka, mimi nitaendelea tu, kwa sababu kilitokea.

Kwanza unijue. Nilisomea mambo ya kompyuta chuoni, nikarudi nyumbani na tabia moja inayomchosha kila mtu: kuuliza "nani kasema?" Nikiambiwa mzizi fulani unatibu, nauliza nani kasema. Nikiambiwa usifagie usiku, nauliza nani kasema. Mama husema siku yangu ikifika nitamdai Israili kitambulisho.

Sasa kaka yangu Hamisi. Kaka ni mwalimu wa Kiswahili, na ni mwalimu kweli, si wa jina. Lakini miaka yote tangu amalize chuo amefundisha kwa kujitolea, huku akisubiri ajira. Mwaka huo alichoka. Mjomba alikuwa amemwita Usinge akasaidie kwenye mashamba ya tumbaku, na begi lake lilikuwa limeshafungwa, limesimama nyuma ya mlango. Ndipo ikatokea nafasi: watu fulani wanaofundisha wageni Kiswahili kupitia mtandao walitaka mwalimu. Unakaa nyumbani kwako Tabora, mwanafunzi yuko kwao ng'ambo, mnaonana kwenye kioo.

Walimpa somo la majaribio. Masikini kaka yangu! Ndani ya dakika kumi mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya mwisho picha yake iliganda akiwa amefumba macho na mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wale watu walikuwa waungwana, wakampa nafasi ya pili, Ijumaa saa kumi alasiri. Wakasema wazi kwamba hakutakuwa na ya tatu.

Utasema, si angetumia simu? Nyumba yetu iko bondeni. Simu kwetu inashika mtandao ukiwa umepanda juu ya ukuta wa choo, na huwezi kufundisha ngeli za nomino ukiwa juu ya ukuta wa choo. Mtandao wetu unaingia kwa antena iliyo juu ya bati, unashuka kwa waya mpaka kwenye ruta, kisanduku cheusi nilichokinunua kwa fundi mmoja Kanyenye, mtumba. Antena ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye ruta. Programu inayokaa ndani yake na kuiamuru kila kitu ilikuwa ya zamani, na walioitengeneza walishaitupa, hawaifanyii marekebisho tena.

Dawa niliijua. Kuna programu huria ya ruta, iliyoandikwa na watu wa kujitolea wa kila pembe, ambayo yeyote anaweza kuisoma mstari kwa mstari na kuihoji. Unaiondoa ile ya kiwandani, unaweka hii, na kisanduku kilichokuwa kinakufa kinapata ujana. Kitu cha kuhojiwa! Kilitengenezwa kwa ajili yangu.

Ila kuna sharti moja. Ruta ya aina ile ina matoleo kadhaa, kwa nje ni mapacha, kwa ndani hayafanani, na kila toleo lina faili lake. Ukiiwekea faili lisilo lake inakufa, na kuifufua ni kazi ya siku nyingi na vifaa ambavyo sikuwa navyo. Nikaigeuza, nikasoma kibandiko chini yake: toleo la pili. Nikapakua faili la toleo la pili. Nikajaribu kuliweka kwa njia ya kawaida, ruta ikalikataa.

Hapa ndipo mtu anayeuliza kila kitu alipaswa kuuliza. Sikuuliza. Nilisema hao ni watengenezaji, hawataki tuguse mali yao. Kuna njia ya dharura: unaiwasha huku umebonyeza kitufe cha nyuma kwa ncha ya sindano. Inaamka nusu usingizini, na chochote utakachoilisha inameza bila kuuliza. Nikaamua kuilazimisha.

Basi nilikuwa peke yangu. Kaka alikuwa msikitini, mama alikuwa msibani Kanyenye. Geti nililifunga komeo kwa ndani, kwa sababu mbuzi wa jirani wana adabu mbaya. Taa ya ruta ilikuwa inapepesa, faili liko tayari, kidole changu kiko juu ya kitufe cha kompyuta.

"Mwangaluka!"

Nikashtuka. Mwanamume alikuwa amesimama kizingitini. Umri wa miaka arobaini hivi, kifua kipana, kaniki kiunoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Begani alikuwa na nundu ya sugu, kubwa kama ngumi. Mkononi ameshika tawi bichi. Nikajua ni muuza asali au mkaa kutoka vijijini. Nilichojiuliza ni kwa nini ananisalimia salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, saa saba mchana.

"Shikamoo," nikasema. "Asali tunayo."

"Marahaba. Sijaleta asali." Akachungulia mezani. "Unakilisha nini hicho kisanduku?"

"Baba, nina haraka."

"Haraka gani nawe umekaa? Watu wenye haraka wanaonekana kwa miguu." Akacheka, na mimi, bila kupenda, nikacheka. Unajua utani wa Wanyamwezi ulivyo, haukuombi ruhusa.

Nikamjibu kwa dharau kidogo, nakiri. Nikamwambia hiki ni kisanduku cha kubeba maneno. Kaka yangu akisema jambo, maneno yanakatwakatwa vifurushi, kila kifurushi kinaandikwa kinakokwenda, na kisanduku hiki kinavisukuma njiani mpaka ng'ambo. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa hata chembe.

"Mpagazi, basi," akasema. "Na leo unamtwisha mzigo mpya."

"Ndiyo."

"Umempima bega?"

"Hana bega. Ana kibandiko. Kimeandikwa mzigo wake."

"Nani kaandika?"

Niamini, damu ilinipanda usoni. Swali hilo ni langu! Mimi ndiye ninayelibeba mji mzima, nawachoma nalo watu, na hapa mtu wa kaniki ananichoma nalo mimi.

"Waliomtengeneza," nikasema.

"Uliwaona wakiandika?"

"Baba, wewe mbona mbishi hivyo?"

"Nimekuta mwenzangu." Akasogea. "Nimebeba mizigo mingi, binti. Kitambaa cha juu kinasema shanga, ukifungua ni mawe. Mpagazi akikataa mzigo mara ya kwanza, usimchape. Fungua uone."

Nilikuwa sijamwambia kwamba ruta imekataa.

Kisha akalilaza lile tawi mezani, juu ya ruta, likikatiza waya wangu kutoka upande hadi upande, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa mtoto aliyelala. Nikakasirika. Nikalishika nilitoe, nikainua macho nimwambie maneno yangu mawili.

Hapakuwa na mtu.

Usiniulize kama alikuwa na kivuli, saa ile hata mimi sikuwa nacho cha maana. Nilitoka nje mbio. Uwanja mtupu. Komeo la geti liko mahali pake, limefungwa kwa ndani, na kuku wamelala vumbini hawana habari. Nikazunguka nyumba mara mbili. Nikapanda juu ya ukuta wa choo. Njia ile inayopita nyuma kwetu, ambayo wazee husema ni ya misafara ya zamani iliyokwenda Ujiji, ilikuwa nyeupe kwa jua na haina hata mbwa.

Nikarudi ndani. Tawi lipo. Nililikamata kwa mkono wangu huu, lilikuwa la baridi, na utomvu wake ulinishika vidoleni.

Ungefanya nini? Mimi nilichukua bisibisi. Si kwa imani, tafadhali. Nilifanya kwa hasira, nimpate na makosa. Nikazima ruta, nikafungua skrubu nne, nikang'oa ganda. Na pale, kwenye ubao wa ndani, kwa herufi nyeupe ndogo za kiwandani: toleo la tatu.

Nilikaa sakafuni. Faili la toleo la pili lilikuwa kwenye kompyuta, limebakiza kubonyezwa mara moja, na begi la Usinge lilikuwa nyuma ya mlango.

Nikarudisha ganda, nikaiwasha ruta kama kawaida, nikapakua faili la toleo la tatu. Mtandao ulinikatikia mara mbili, nikaanza upya mara mbili. Faili lilipokamilika nikaliweka kwa njia ya kawaida, bila kulazimisha. Ruta haikukataa. Ikazima taa zote. Dakika nne hizo sitazisahau: umeme ukikatika pale, basi, na umeme wetu unajulikana. Nikajikuta nasema Bismillahi kwa sauti, mimi huyu. Taa ya kwanza ikawaka, kisha ya pili. Ukurasa mpya ukafunguka. Nikaweka nywila, nikaelekeza nguvu yote kwenye somo la kaka, na nilipoona kuna toleo jipya zaidi la ile programu huria, lenye marekebisho ya mwezi huo, nikaisasisha papo hapo.

Kaka aliporudi alinikuta nimelowa jasho. "Vipi fundi, imekufa?"

"Haijafa."

"Mbona wewe unaonekana umekufa?"

"Kaoge, mwalimu. Wanafunzi wanakusubiri."

Saa kumi akakaa. Mimi na mama, aliyekuwa amesharudi, tulikaa jikoni kama watu wanaosubiri habari hospitalini. Dakika kumi. Dakika ishirini. Sauti ya mwanamke wa ng'ambo ikasikika wazi, kama yuko sebuleni: "Mwalimu, shikamoo!" Na kaka: "Marahaba, lakini unanizidi umri, mama, shikamoo ni yangu kukupa wewe." Wakacheka wote wawili. Somo lilifika saa nzima na halikukatika hata mara moja. Jumatatu walimwandikia kwamba amepata. Lile begi aliligeuza juu ya kitanda, na shati la shamba sasa analivaa akifua.

Mama nilimweleza usiku wa Ijumaa ileile, na tawi nikamwonyesha. Aliligeuza-geuza. "Mninga," akasema. "Hapa mjini mninga uko wapi?" Kisha akaniuliza lilikuwa limelazwaje, nikamwonyesha. Akaniambia babu yake alibeba mizigo mpaka pwani, na kwamba wapagazi waliotangulia, wakifika njia panda, walilaza tawi bichi kukatiza njia isiyo yenyewe, ili wanaokuja nyuma wasipotee. "Mtu haliruki," akasema. "Hata awe na haraka gani."

"Nani kasema?" nikauliza, kwa mazoea.

"Aliyelilaza," akajibu mama.

Sikutosheka. Jumamosi nilikwenda Kanyenye kwa yule fundi. Akakuna kichwa. "Aa, dada'ngu, ile? Ganda lake lilivunjika, nikaivisha la mwenzake. Kwani haifanyi kazi?" Nikamwambia inafanya sana. Basi kibandiko kimeelezeka. Tawi bado. Aliyejua kwamba ruta imekataa bado. Nimejaribu yote: joto, njaa, usingizi wa macho wazi. Joto halileti mninga mezani.

Leo kaka ana wanafunzi wengi kuliko siku zake, na mimi mtaani naitwa nikafufue ruta za watu. Najaza programu huria kwenye visanduku vilivyotupwa, kila toleo jipya likitoka napita kuvisasisha, watoto wanasoma, na hakuna nilichokiua mpaka leo. Kabla ya yote nafungua ganda.

Na liko jingine. Ile programu inanionyesha orodha ya kila kifaa kilichounganishwa na ruta yetu. Ijumaa nyingi, kama saa saba hivi, kinaongezeka kimoja kisicho na jina. Kinakaa dakika chache. Hakipakui kitu, hakipeleki kitu. Nguvu ya mawimbi yake ni ya mtu aliye umbali wa mlangoni. Nywila nimeibadilisha mara tano. Najua jinsi ya kukizuia, ni mbofyo mmoja tu. Sijakizuia, na sitakizuia.

Sasa nikuonye, wewe mwenye haraka zako. Kitu kikikukatalia, usikilazimishe kabla hujakifungua na kukiuliza. Na akitokea mtu kizingitini jua likiwa utosini, akakuuliza unafanya nini, usimwambie huna muda. Weka kazi chini, umweleze polepole na kwa heshima. Mimi nilimweleza kwa dharau, akanisaidia hivyohivyo. Wewe sijui utamkuta na moyo gani.