Osob Wawili wa Duka la Salah

Mimi nauza maziwa soko ya Garissa. Kusoma sikusoma, lakini masikio yangu ni mzima. Mwaka wa tisini na sita nikasikia kaseti mpya ya Osob inalia dukani kwa Salah, nikaweka jerikeni chini. Hiyo sauti ni ya msichana! Osob mwenyewe nimemwacha nyumbani kwake sasa hivi, anakohoa kama mbuzi amekula karatasi.

Osob alitoka Sangailu. Salah alimrekodi kaseti tatu, na mpaka Eldas malori yalikuwa yanalia yeye. Halafu sauti ikashuka, akanenepa, mume akamwacha. Akiimba, watu wanasema, mama mzima haoni haya? Akinyamaza, wale wale wanasema, amekwisha. Sijui walitaka afanye nini.

Nikarudi kwake. "Osob, kuna Osob mwingine dukani."

"Najua, abaayo, dada yangu. Salah anasema jina ni yake. Niliweka kidole kwa karatasi."

"Ulipewa na mama yako hiyo jina! Salah alikuwa wapi? Na kwa nini unaweka kidole kwa kitu hujui?"

"Si na wewe ulikuwa umekaa pale, unakunywa chai yake?"

Kweli nilikunywa. Hiyo chai mpaka leo sijaisamehe.

Lakini kilichomuuma ni harusi iliyokaribia, ya binti wa Abshiro. Abshiro ni rafiki yake tangu wanachunga mbuzi, na Osob alimwahidi: binti yako akiolewa, nitamwimbia kwa mdomo wangu. Sasa Salah anasema akiimba hapo ni mwizi. Mwizi wa nini? Wa nyimbo alizotunga mwenyewe!

Wazee watatu wakakaa dukani kukata hiyo kesi. Mzee Siyad akamwambia yule msichana wa kaseti mpya, Ikran, imba. Akaimba buraanbur, wimbo wetu wa wanawake. Mzee akamkata. Kwetu, ukibeba wimbo wa mtu unataja kwanza mwenyewe, hata mtoto anajua.

"Naa, msichana, hii ni ya nani?"

"Ya Osob."

"Na wewe ni nani?"

Akamwangalia Salah. "Osob."

"Osob aliyetunga?"

"Hapana, adeer. Osob anayeimba."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikakasirika.

Osob akaambiwa imba wewe. Sauti ikatoka kama bawaba ya geti. Adow, dereva wa lori, akasema mlangoni, "Huyu si Osob. Osob namjua, yuko kwa lori yangu."

"Waryaa, nyamaza!" nikamwambia. "Huyu ndiye alikutoa usingizi barabara ya Wajir miaka yote hiyo!" Lakini nikaona hata wazee wanamwangalia vile wanaangalia ngamia hawajui alama yake.

Wakakata maneno. Nyimbo za kaseti ni za duka, kidole ni kidole. Lakini Ikran ni Ikran, na kila wimbo ataje: huu ni wa Osob binti Maka wa Sangailu. Salah akakubali haraka. Mtu akikubali haraka mimi nashika kiatu changu kisiibiwe. Nani ameshinda? Nikamuuliza Osob, naye hajui.

Siku ya harusi Ikran akasimama. Osob amekaa karibu yangu, shali mpaka kidevuni. Msichana akataja vizuri, mama Maka, Sangailu, vyote. Wanawake wakapiga vigelegele, lakini wanamwangalia msichana, wanamtupia mashali ya kumtuza yeye. Jina la huyu, shali kwa yule.

"Sasa hii ni kushinda ama kushindwa?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe. Amekosea."

Kweli alikosea, na wimbo huo ni mpya, si wa kaseti. Osob alimtungia bibi harusi wiki hiyo, na hakuna karatasi inaujua. Alikuwa amemfundisha Ikran mwenyewe, kwa sababu ya kile kikohozi, na mimi hakuniambia! Ikran amefika kwa jina la nyanya ya bibi harusi, limempotea, amesimama mdomo wazi.

Osob akainuka. Akaimba mstari huo mmoja tu, na bawaba yake. Abshiro akalia. Ikran akadaka mstari uliofuata, Osob akakaa akaanza kukohoa.

Ahadi imetimia, anasema yeye. Mstari mmoja! Mimi ningemvuta yule msichana chini niimbe wote. Salah akinisalimia sokoni mpaka leo, simjibu.