Popi Alipotapika Mbele ya Balozi

Mimi niliyetoka Ugweno na viatu vya kuazima, nikarudi na stashahada ya afya ya mifugo na kujenga nyumba bila msaada wa mjomba yeyote, nimeumbuliwa na mbwa wangu.

Popi ananyonyesha, na watoto wake wameanza kuota meno. Juzi alikula ugali na dagaa, akaenda kwa wanawe, akatapika. Jana hivyo hivyo. Hakulegea wala kuharisha, lakini sikulijali hilo. Nikaamua ni sumu, na mtiaji ni jirani yangu Mzee Elinami, ambaye Popi humfukuzia kuku. Nikamwita balozi wa nyumba kumi na majirani.

"Mzee Elinami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Umemtilia mbwa wangu sumu."

Mzee akavua kofia. "Mimi ni mzee wa kanisa. Ukinisema hivyo mbele ya watu, Jumapili nitakaa benchi gani?"

"Sayansi haijui Jumapili," nikamjibu, nikaanza kueleza dalili za sumu kwa lugha ya chuoni.

Popi akapita katikati yetu, ametoka kula. Watoto wakamrukia, wakamlamba mdomo. Akainama, akawatapikia ugali, nao wakaugombania huku mikia ikicheza. Hapo nikakumbuka kwamba mbwa anayewaachisha wanawe ziwa huwalisha hivyo. Kwenye mtihani niliulizwa jambo hilo hilo, nikalipata.

Majirani wakanitazama. Mzee Elinami akavaa kofia yake.

"Endelea, mtaalamu," akasema. "Ulikuwa unatueleza sumu."