Dawa ya Nywele Haitibu Nywele

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na leo umenifanya niikumbuke kwa hasira. Nilikuwa msichana, naishi Sigino kwa shangazi yangu, aliyekuwa akitengeneza mafuta ya kupaka kwa samli na nta. Jirani akaja na mtoto mwenye kidonda mguuni. Mimi na ujuaji wangu nikamkabidhi kopo: "Chukua dawa, mama."

Shangazi alilipokonya palepale. "Haya ni mafuta!" alifoka. "Ukiyaita dawa, nani atampeleka mtoto zahanati?" Nilinuna siku nzima.

Lugha yetu nayo ina lawama. Kila kitu dawa: dawa ya meno, dawa ya nywele, dawa ya viatu. Viatu vinaumwa nini? Lakini sheria haibabaishwi na majina ya sokoni. Kinachopakwa au kupulizwa mwilini ili kusafisha, kupendezesha au kubadili mwonekano ni kipodozi, hata kama saluni wanakiita dawa. Ukisema kinatibu ugonjwa, hapo umedai ni dawa, na dawa ina vipimo vyake na usajili wake. Mafuta ni yaleyale, maneno yako ndiyo yameyahamisha.

Sasa wewe, msomi wangu, umekaa hapo Bagara unachanganya mafuta ya alizeti na nta, unapata kitu kizuri kweli, ngozi yangu ni shahidi. Halafu unabandika lebo: "Hutibu mapunye." Nikikuuliza, unanijibu, "Bibi, ni biashara tu, kila mtu anaandika." Kila mtu! Nimechoka na huyo kila mtu wenu.

Jana Mama Emanueli alinisimamisha njiani, shikamoo, marahaba, mtoto kafunikwa kitambaa kichwani. Nikakifunua. Kichwa kinatoa usaha. "Tunapaka dawa ya mjukuu wako, Bibi," akasema, tena kwa furaha. Zahanati hawajaenda. Nikamfunika tena mtoto; hilo la kumweleza nikakuachia wewe.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa anayeumia ni mtoto wa mwenzio. Bandua hizo lebo. Andika: mafuta ya kulainisha ngozi. Basi. Chema chajiuza, mwanangu, hakihitaji uongo.

Lakini hayo baadaye. Kwanza nenda kwa Mama Emanueli, umwambie kwa mdomo wako kwamba yale si dawa, kisha umsindikize zahanati. Mungu aibariki mikono yako, na ulimi wako aushike. Haya, vaa viatu.